Tuzo ya Mchezaji Ianzie kwenye Daftari

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti kwa manahodha, makocha na makatibu wa vilabu vya soka vya wadi, mjini Embu.



Nimeombwa nizungumzie tuzo za wachezaji za kufunga msimu. Mechi zinaelekea ukingoni na najua vilabu kadhaa vimeanza mipango. Mbuzi anatafutwa, hema linaulizwa bei, na kuna mtu ameahidi kuleta spika. Ni jambo zuri. Mchezaji wa wadi hana mshahara wa soka. Asubuhi yuko kwenye steji ya bodaboda Runyenjes, au anachuma majani chai kule Rukuriri, au yuko kwenye shamba la muguka Mbeere. Saa tisa alasiri anavaa njumu na kuingia uwanjani. Nauli ya mechi za ugenini huitoa mfukoni mwake.

Kwa mtu kama huyo, tuzo ya mwisho wa msimu huenda ndiyo malipo pekee atakayoyapata. Ndiyo maana nasema si jambo la mzaha. Tukimpa asiyestahili, au tukitangaza zawadi isiyofika, tumemdhulumu mtu ambaye hana mahali pengine pa kudai haki yake. Na nyote mnajua kinachofuata: Januari anahamia timu ya jirani, au anaacha mpira kabisa.

Mimi si kocha. Nimesomea uanahabari, na kazi yangu ni kuwaandikia wakazi habari za kaunti yao. Kwa hivyo nitasema ninayoyaona kutoka kwenye meza yangu, kisha tutazame wenzetu wakubwa wanavyofanya na wapi wamejikwaa.

Nani alifunga?

Karibu kila Jumapili jioni napokea ujumbe kwenye simu: "Tumeshinda 3-1. Tuweke kwa jarida." Nafurahi, nauliza: nani alifunga? Jibu linakuja: "Kijana wetu namba tisa, na yule mrefu, na lingine sikuona vizuri." Nauliza jina kamili la namba tisa. Kimya. Kesho yake napewa jina la utani.

Sasa fikirieni klabu hiyohiyo mwezi wa mwisho wa msimu inaketi kumchagua mfungaji bora. Itatumia nini? Itatumia kumbukumbu. Na kumbukumbu ya binadamu hupenda mechi ya juzi. Aliyefunga mawili wiki iliyopita anaonekana shujaa, na aliyefunga sita mwanzoni mwa msimu amesahaulika. Hapo ndipo manung'uniko huanzia, na watu husema kocha ana upendeleo, kumbe kocha hana daftari.

Nawapa mfano wa faida ya kuandika. Msimu wa 2022/23 wa Ligi Kuu ya Kenya, Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga mabao 27. Akavunja rekodi ya mabao 26 aliyoiweka Maurice Ochieng, maarufu kama Sonyi, wa Gor Mahia, mwaka wa 1976. Rekodi hiyo ilikaa miaka 47. Wengi wa waliomshangilia Rupia hawakuwa wamezaliwa Sonyi alipokuwa akifunga. Tuliijua hesabu yake kwa sababu kuna mtu aliyeiandika. Bila mtu huyo, Rupia angekuwa amefunga mabao mengi tu, na Sonyi angebaki hadithi ya wazee kwenye kinyozi.

Daftari la shule linatosha. Kila mechi andikeni tarehe, uwanja, mpinzani na matokeo; kumi na mmoja walioanza na walioingia; waliofunga na dakika; aliyetoa pasi ya bao; kadi; na walioumia. Majina yawe matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Baada ya mechi, nahodha na kocha watie sahihi, kisha ukurasa upigwe picha na kutumwa kwa watu wawili. Daftari hunyeshewa, na makatibu huhama. Picha kwenye simu mbili ni akiba.

Faida ya daftari haiishii kwenye tuzo. Kijana akienda kujaribiwa na klabu kubwa, ataulizwa amecheza wapi, mechi ngapi, nafasi gani. Akiwa na karatasi yenye sahihi ya klabu inayosema mechi 18, mabao 11, kadi ya njano moja, ameshatangulia hatua moja mbele ya anayesema "ulizeni tu mtaani, wananijua."

Andikeni masharti kabla ya jina

Jambo la pili ni masharti. Chukueni mfano huu. Mshambulizi wa kwanza amecheza mechi 20 na kufunga mabao 12. Wa pili alijiunga katikati ya msimu, akacheza mechi 10 na kufunga 9. Nani mfungaji bora? Ukihesabu mabao, ni wa kwanza. Ukihesabu kwa kila mechi, ni wa pili. Majibu yote mawili yana akili ndani yake. Kosa ni kuamua kipimo baada ya kujua kitampa nani ushindi. Kipimo kiandikwe mwanzoni mwa msimu, kisomwe mbele ya wachezaji, na kisibadilishwe.

Vilevile tofautisheni mfungaji bora na mchezaji bora. Mfungaji bora ni hesabu; haihitaji kura wala mjadala. Mchezaji bora ni maoni, na maoni yanahitaji utaratibu. Msimu huohuo wa Rupia, Benson Omala wa Gor Mahia alifunga 26, akakosa kiatu cha dhahabu kwa bao moja. Lakini ubingwa ulikwenda kwa Gor Mahia. Mabao ya mtu mmoja ni kitu kimoja, na mchango kwa timu ni kitu kingine.

Je, nani apige kura? Tuzo maarufu ya Ballon d'Or ilianzishwa na jarida la Ufaransa mwaka wa 1956, na kura zilikuwa za wanahabari. Mshindi wa kwanza alikuwa Stanley Matthews wa Uingereza. Mwaka wa 1974 chama cha wachezaji huko Uingereza kikaanza tuzo yake, ambayo kura hupigwa na wachezaji wenyewe. Wa kwanza kuipata alikuwa Norman Hunter wa Leeds United, beki mgumu ambaye si kila shabiki alimpenda. Lakini wachezaji walijua ilivyo kazi kumpita.

Mimi nawapendekezea njia ya wachezaji. Wao ndio wanaojua nani huja mazoezini mvua ikinyesha, na nani hukaba hadi dakika ya mwisho. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Kila mchezaji apewe karatasi na kuandika majina matatu, la kwanza likipata alama 3, la pili 2, la tatu 1. Hakuna kujipigia. Karatasi ziingie kwenye debe lililofungwa, na zihesabiwe siku hiyohiyo mbele ya wote na mtu asiye wa klabu, kwa mfano refa, mwalimu au mzee wa kijiji. Wakitoshana alama, mshindi awe aliyewekwa nafasi ya kwanza mara nyingi zaidi. Mwenyekiti, mfadhili na mwanasiasa wasiwe na kura. Wana heshima yao, na tutafika hapo.

Wanaosahaulika

Nimetaja Ballon d'Or. Tuzo hiyo imetolewa kwa zaidi ya nusu karne, na kipa aliyewahi kuipata ni mmoja tu, Lev Yashin wa Muungano wa Sovieti, mwaka wa 1963. Mwafrika ni mmoja tu, George Weah wa Liberia, mwaka wa 1995, ambao ndio mwaka wa kwanza mchezaji asiye wa Ulaya kuruhusiwa. Tuzo ya wanawake haikuwepo hadi 2018, alipoipokea Ada Hegerberg wa Norway. Miaka 62 ilipita.

Siwaambii haya ili kuwalaumu Wafaransa. Nawaambia kwa sababu tukiacha mambo yajiendee, hata sisi tutafanya vilevile. Mpira ukishatulia wavuni, macho yote humfuata aliyefunga. Aliyezuia mkwaju wa penalti dakika ya 80 anarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hivyo wekeni tuzo ya kipa na ya beki kwa majina yake. Wekeni ya mchezaji chipukizi, na umri wake uthibitishwe kwa cheti, si kwa kimo. Wekeni ya nidhamu. Daftari lenye safu ya kadi litawapa jina bila ubishi. Na wekeni moja ya mtu asiyecheza: anayefua jezi, anayechora mistari kwa chokaa, au mama anayewaletea maji kila mechi bila kuitwa.

Kisha wasichana. Oktoba 2024 timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Hiyo ndiyo timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaishinda Mexico 2-1. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa shule za upili, wa umri wa dada na binti zetu walioko hapa.

Klabu yenye timu ya wasichana na ya wavulana ifanye hafla moja, meza moja, na zawadi zilingane. Haifai mfungaji bora wa wavulana apewe njumu na wa wasichana apewe kikombe cha chai. Na tafadhali, timu ya wasichana isiitwe mbele saa kumi na mbili jioni watu wakikunja viti. Wabadilishane zamu: mwaka huu waanze hawa, mwaka ujao waanze wale.

Zawadi iwe na kazi

Sasa zawadi yenyewe. Kombe la plastiki linalong'aa hupendeza kwenye picha, na sikatazi. Lakini muulizeni mchezaji anachohitaji. Wengi watasema njumu. Kipa atasema glavu. Wapo watakaosema ada ya mafunzo ya urefa au ya ukocha, na hiyo ni zawadi inayoweza kumlisha mtu baada ya magoti kuchoka.

Kuna nyingine ambayo sijaona ikitolewa mara nyingi, nayo ni bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Kwa asiye na ajira rasmi, mchango hutegemea tathmini ya mapato ya nyumba yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mchezaji akivunjika mguu leo, kesho yake tunaona ujumbe wa harambee ukizunguka kwenye simu, na kufikia Ijumaa watu wamechoka kuchanga. Klabu inayomlipia mchezaji wake bora mchango wa mwaka imempa kitu ambacho hataki kukitumia, lakini siku ya shida atakishukuru. Na hata kama hamna uwezo wa kumlipia mtu, siku ya hafla itumieni kuhakikisha kila mchezaji amejisajili. Kujisajili hakulipiwi.

Mtauliza: pesa zitoke wapi? Piga hesabu nami. Wachezaji 22, kila mmoja akiweka shilingi 50 kwa mwezi kwa miezi minane, ni shilingi 8,800. Hizo hazitoshi karamu, lakini zinatosha tuzo chache za heshima mkipanga mapema. Na aliyechanga atauliza maswali, jambo ambalo ni afya kwa klabu. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote kabla ya tuzo ya kwanza kutolewa. Dakika tano tu.

Ikiwa klabu haijasajiliwa, anzeni hapo. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo. Bila cheti, mfadhili mwenye nia njema hana pa kuweka pesa zake isipokuwa simu ya mtu mmoja, na simu ya mtu mmoja imevunja vilabu vingi.

Mgeni wa heshima na hundi ya kadibodi

Sasa niseme jambo ambalo linanihitaji uangalifu, maana nafanya kazi serikalini. Mwaka wa 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka huohuo tuna uchaguzi mkuu. Soka itapendwa sana, na hafla zenu zitapata wageni wengi kuliko mlivyozoea.

Mgeni ni baraka. Michezo na viwanja vya michezo ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeyapa kaunti, kwa hivyo viongozi wana sababu ya kuwepo. Ombi langu ni kwamba mchezaji abaki kuwa mwenye siku. Tumeona hafla ambapo hotuba zilichukua saa tatu na tuzo zikagawiwa dakika kumi za mwisho, gizani. Pangeni kinyume: tuzo kwanza, hotuba baadaye. Atakayebaki kusikiliza ni kwa sababu anapenda.

Na mtu akiahidi zawadi, ahadi ifike kabla ya hafla. Hundi kubwa ya kadibodi ni ya kupigiwa picha, haiingii benki. Kijana anapiga nayo picha akitabasamu, mtaa mzima unajua amepata pesa, jamaa wanaanza kumkopa, naye miezi mitatu baadaye bado anapiga simu isiyoshikwa. Huyo ameaibishwa zaidi ya asiyepewa chochote. Kanuni iwe moja: kinachotangazwa kwenye kipaza sauti kiwe tayari mkononi mwa mweka hazina. Ahadi nyingine zote ziandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na tarehe yake, lakini zisitangazwe kama tuzo. Na hili linatuhusu hata sisi wa serikali.

Picha za watoto

La mwisho ni la kazi yangu. Wachezaji wenu wengi hawajafika miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kwa hivyo mnapotuma picha na jina la mtoto ili lichapishwe, pateni ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Mistari miwili na sahihi inatosha. Msiandike shule, kijiji na nambari ya simu ya mtoto chini ya picha. Sifa tunataka imfikie. Wageni tusiowajua hatutaki wamfikie.

Tuanze wapi

Uwanja wa Moi hapa Embu ulipokea taifa zima kwa Siku ya Madaraka ya 2023, kama vile Kinoru ya Meru ilivyofanya mwaka wa 2018. Kinoru ilikarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018, kisha mashindano yakapelekwa Morocco. Uwanja ulibaki. Lakini uwanja mzuri usio na wachezaji wanaojulikana kwa majina ni nyasi na viti. Majina hayo yanaanzia kwenye viwanja vyenu vya vumbi, Jumamosi alasiri, na mtu wa kwanza wa kuyaandika ni katibu aliyeketi hapa.

Kwa vilabu ambavyo msimu huu havikuwa na daftari, bado mna la kufanya wiki hii. Ketini, nahodha, kocha na wachezaji wanne au watano, mpitie mechi moja baada ya nyingine. Tumieni picha na ujumbe wa simu, na mkiweza linganisheni na timu mlizocheza nazo. Andikeni mliyokubaliana, na palipo na shaka acheni wazi. Ikiwa hesabu ya mabao haipatikani kwa haki, msitoe tuzo ya mfungaji bora mwaka huu. Toeni ya mchezaji bora kwa kura za siri, ya kipa, ya nidhamu na ya yule mfua jezi. Waambieni wachezaji wazi kwa nini, na siku hiyohiyo mfungue daftari la msimu ujao mbele yao.

Kisha nitumieni majina: matatu, yaliyoandikwa vizuri, pamoja na idhini za wazazi. Nafasi ya kuyachapisha ipo. Maswali nayapokea sasa, na nitaanza na makatibu.